Tumeshinda, Tumefiwa

Jumatatu, tarehe 17 Novemba 2025, niliingia darasani asubuhi nikakuta watoto hawana sauti. Waliposimama kunisalimu, walinong'ona kama wagonjwa wa kifua. Sikuwauliza sababu, kwa maana hata mimi mwalimu wao koo lilikuwa limenikauka.

Usiku uliotangulia, huko Rabat katika nchi ya Moroko, Leopards wa Kongo walikuwa wamewashinda Wanigeria. Alhamisi kabla yake, tarehe 13, walikuwa wamewashinda Wakameruni, goli moja kwa bure, goli lililofungwa na nahodha Chancel Mbemba wakati dakika tisini zimekwisha kutimia. Nani alitazamia mambo hayo? Kamerun na Nigeria ni mataifa yaliyozoea kwenda kwenye Kombe la Dunia. Sisi, hadi siku hiyo, tulikuwa tumekwenda mara moja tu, mwaka 1974 huko Ujerumani Magharibi, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire. Na huko tulifungwa michezo yote mitatu, mmoja wao magoli tisa. Wazee wetu waliubeba mzigo huo wa aibu kwa miaka hamsini na mmoja.

Basi usiku ule wa Jumapili, dakika ya tatu tu, Wanigeria wakafunga. Watu wakainama. Halafu dakika ya thelathini na mbili Meschak Elia akasawazisha, na tangu hapo hakuna aliyefunga tena, hata katika muda wa nyongeza. Ikabidi waamuliwe kwa mateke ya adhabu, tunayoyaita penalti. Hapo kabla tu ya penalti, mwalimu wa timu alimtoa kipa Lionel Mpasi, akamwingiza Timothy Fayulu. Fayulu akazuia, na Mbemba akapiga teke la mwisho: nne kwa tatu. Njia ikafunguka ya kwenda kwenye mchujo wa mwisho, Machi 2026, huko Meksiko. Saa hizo za usiku, kutoka Butembo mpaka Beni, watu walitoka nje wakipiga masufuria, na wenye pikipiki wakapiga honi, ingawa giza katika nchi yetu si rafiki wa mtu siku hizi.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Jumatatu hiyo alasiri tulikuwa na mafundisho barazani pa kanisa la kituo chetu. Kijana mmoja, mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo, alikuja akikimbia, na kila aliyekutana naye alimpokea kwa neno moja: "Tumeshinda!" Akamkuta mama mmoja ameketi pembeni, miguu ina vumbi, kifurushi cha nguo mapajani. Kijana akamnyoshea mkono: "Mama, tumeshinda!" Yule mama akaupokea mkono kwa adabu, akamtazama, akajibu polepole: "Hongera, mwanangu. Mimi nimefiwa."

Mama huyo alitoka upande wa Bapere, katika eneo la Lubero. Mlisikia habari hizo. Ijumaa usiku, tarehe 14 Novemba, yaani kati ya ushindi wa Kamerun na ushindi wa Nigeria, wauaji wa ADF waliingia Byambwe. Walishambulia kituo cha afya kinachotunzwa na masista wetu wa Kikatoliki. Waliuawa humo watu wasiopungua kumi na saba, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliofika kwa ajili ya uzazi. Sitaeleza zaidi, maana ninyi mnaoishi njia hizi hamhitaji kuelezwa.

Kijana alirudi nyuma kana kwamba amekanyaga moto. Akaja kwangu, akanishika mkono wa koti, akasema: "Mwalimu, nimefanya dhambi?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Nilimwambia: Hapana, mwanangu, furaha si dhambi. Bwana wetu Yezu Kristu alialikwa arusini Kana, naye hakuwaambia wenye arusi wanyamaze kwa sababu Warumi waliitesa nchi. Kupigana kwa ajili ya mpira ni dhambi. Kucheza kamari kwa fedha ya chumvi na karo ya watoto ni upumbavu unaozaa dhambi. Lakini kuruka kwa furaha kwa sababu ndugu zako wameshinda, hilo Mungu hulitazama kama baba anavyowatazama watoto wake uani.

Lakini nikamwuliza nami swali: Umesema "tumeshinda". Ni nani alishinda? Aliyepiga teke la mwisho ni Mbemba. Aliyezuia ni Fayulu. Wewe ulikuwa umeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya televisheni ya jirani, nchi nyingi mbali na Rabat, na mpira ule hukuugusa hata kwa kidole cha mguu. Mbona hukusema "wameshinda"?

Akacheka kidogo, akanyamaza, akasema: "Mwalimu, wale ni sisi."

Wakatekumeni wapenzi, kijana huyo alikuwa amejibu swali gumu la katekisimu bila kujua. Kila siku ninajitahidi kuwafundisha kifungu kile cha Kanuni ya Imani kinachotaja ushirika wa Watakatifu, nanyi mnanikariria vema, lakini machoni ninaona hamjaelewa. Mnajiuliza: namna gani mastahili ya Yezu yanakuwa yangu, mimi nisiyebeba msalaba ule? Namna gani sala ya mtawa mmoja mbali huko inaniletea neema mimi ninayelima mihogo hapa? Tazameni basi: mtu mmoja anapiga teke Rabat, na mzee wa Beni asiyeweza hata kusimama bila fimbo anasema "nimeshinda", na hakuna anayemwita mwongo. Ikiwa jezi moja na bendera moja zaweza kufanya hivyo, je, Ubatizo utashindwa? Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja: kiungo kimoja kikiumia, vyote vyaumia, kimoja kikiheshimiwa, vyote vyafurahi. Hakuruhusu kiungo kichague furaha na kuacha maumivu.

Hapo ndipo jibu la yule mama linapochoma. Katika Kiswahili chetu kuna silabi ndogo, "tu". Tumeshinda. Tumefika. Tumekula. Ni rahisi kuitamka penye ngoma. Lakini yule mama hakusema "tumefiwa". Alisema "nimefiwa", kwa sababu hakuona mtu wa kuibeba ile "tu" pamoja naye. Sisi tuliokuwa barazani, wengi wetu Wakristu wa zamani, tulisikia habari za Byambwe tangu Jumamosi, na midomoni mwetu tulisema: "Wameuawa watu huko Bapere." Wameuawa. Watu. Huko. Basi Rabat, mbali hivyo, kukawa ni kwetu, na Bapere pa jirani pakawa ni huko!

Naona haya kuandika hayo, kwa sababu mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Kumbe wachezaji wale walitutangulia. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya kucheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Kodivaa, wimbo wa taifa ulipopigwa, Leopards walifunika midomo yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanaonyesha dunia jinsi watu wa mashariki ya Kongo wanavyouawa na jinsi dunia inavyonyamaza. Wengi wao wanaishi Ulaya. Mchezo ule walishindwa, goli moja kwa bure, lakini tangu siku hiyo watu wa Butembo na Beni wanawapenda kwa namna nyingine. Waliposema "sisi", walituhesabu hata katika msiba.

Tena, Jumapili ile ile ya tarehe 16 Novemba, saa za mchana, Baba Mtakatifu Leo wa 14, baada ya sala ya Malaika wa Bwana, aliwaombea watu wa Kivu waliouawa siku hizo. Na katika maneno yale yale alizitaja nchi ambamo Wakristu hushambuliwa, na Nigeria ikiwa mojawapo. Fikirini jambo hilo. Jioni tulikuwa tunawazomea Wanigeria katika televisheni, na mchana tulikuwa tumewekwa pamoja nao katika sala moja. Wako waliopita mitaani wakisema Mungu ni Mkongo. Niliwauliza kama Wanigeria hawakusali usiku ule. Hawakunijibu, wakaendelea kupiga masufuria.

Evanjeli ya Jumapili hiyo nayo, kutoka kwa Mtakatifu Luka, ilikuwa ile ambamo Bwana anatabiri vita na mateso, akitukataza kutishika, akitutaka tuvumilie mpaka mwisho. Ilisomwa asubuhi katika makanisa yetu, kabla ya mpira.

Labda mtasema: Sisi bado hatujabatizwa; "sisi" hiyo ya Kanisa bado si yetu. Mnakosea. Tangu siku mlipopokewa na kutiwa ishara ya msalaba, Kanisa limewahesabu kuwa watu wa nyumba yake. Hata mkatekumeni akifa kabla ya Ubatizo, Kanisa humzika kwa ibada yake kama mtoto wake. Basi msingoje Pasaka ndipo muanze kulia na wanaolia.

Nilimweleza kijana yule mambo hayo kwa ufupi kuliko nilivyoandika, maana jua lilikuwa linakwenda kutua. Hakusema neno. Kesho yake nilimwona amebeba kuni na chungu cha maharagwe, anakwenda kwenye nyumba alikopokewa yule mama. Nami nilikuwa nakwenda huko, tukaingia pamoja.

Tulisali makumi mawili ya Rozari kwa ajili ya marehemu. Kisha tukakaa kimya, kama inavyotupasa kukaa matangani. Kijana alikuwa anaangalia chini. Ndipo mama mwenyewe akamwuliza kuhusu mpira. Alisikia watoto wakisema kwamba kipa alitolewa mlangoni dakika ya mwisho, naye alitaka kujua kama ni kwa kosa.

"Hapana, mama," akasema kijana. "Hakukosa. Ni yeye aliyefunga penalti ya mwisho tulipowatoa Wamisri Januari 2024. Saba kwa nane, na kipa wao akakosa, na wetu akafunga."

"Na safari hii akampisha mwenzake?"

"Akampisha."

Mama akatikisa kichwa kwa muda. Akamsogezea kijana kigoda karibu na moto, akamwambia: "Basi nieleze tangu mwanzo. Nani alifunga kwanza?"