Mmoja Akipungua

Chukua namba 781,263. Jumlisha tarakimu zake, unapata 27. Kwa kuwa 27 inagawanyika kwa 9, namba yote inagawanyika kwa 9. Kwa 7 pia inagawanyika. Ukiivunja mpaka mwisho unabaki na 3 × 3 × 7 × 12,401, na hiyo ya mwisho ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Chuo sikumaliza, lakini hii ni hesabu ya kalamu na karatasi tu.

Namba hiyo ni sisi. Ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Wajir katika sensa ya Agosti 2019, na sisi wa Hadado tumo humo.

Sasa mtoe mtu mmoja: 781,262. Iliyokuwa witiri imekuwa shufwa. Haigawanyiki tena kwa 3, wala 7, wala 9. Katika hesabu, mmoja akikosekana unapata namba nyingine kabisa. Ofisini watasema "karibu laki nane", na maisha yanaendelea. Ukiishia hapo utaona hesabu ina haki kuliko serikali.

Lakini ngoja kidogo. Tuseme aliyetolewa ni mama aliyefuata malisho na ngamia siku karani alipopita, na mahali pake pameandikwa mtu asiyekuwepo. Namba inarudi 781,263, inagawanyika kwa 9 kama kawaida. Haikumbuki kitu. Inajua wangapi, haijui nani.

Ndiyo maana ugomvi wa sensa ya 2009 haungeamuliwa na kikokotoo. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulihesabiwa watu 2,310,757, wakati mwaka 1999 walikuwa 962,143. Agosti 2010 waziri Wycliffe Oparanya akafuta matokeo ya wilaya nane, Wajir Mashariki ikiwemo. Wengine walisema tumeongezwa. Kwetu wakasema ni 1999 tulipopunjwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kilicho wazi ni kwamba kama kulikuwa na watu hewa, walifutwa kwa kalamu moja na watu hai. Na idadi hiyo ndiyo inayotazamwa fedha na viti vya bunge vinapogawanywa.

Mchunga ngamia, mifugo ikirudi jioni, hahitaji kutaja namba. Anatazama tu, anajua: yule mwekundu mwenye kovu hayupo. Anageuka kwenda kumtafuta.

Serikali haiwezi kuwajua Wakenya 47,564,296 hivyo, na si haki kuidai hilo. Inaweza lakini kuacha mlango ambapo mtu anaingia na kusema, "Mimi sikuhesabiwa," akasikilizwa kabla ya namba kufungwa. Bila mlango huo, namba inaweza kuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho, na bado ikawa imemdhulumu mtu.