Vidonge Vyekundu na Damu ya Chupa

Mjukuu wangu, vile vidonge vyekundu wanavyopewa wajawazito kliniki, usimpe mdogo wako. Najua damu yake haipandi na unahangaika. Hapa Ujiji mtu akisikia damu imepungua, kwanza rozela, kisha matembele, kisha vidonge. Lakini mwenye selimundu kama yeye, anayeongezewa damu kila mara, ana shida nyingine.

Chembe zake zinavunjika kabla ya wakati. Ndiyo maana damu inapungua. Chuma chake hakiendi mbali, mwili unakitumia tena. Halafu kila chupa anayoongezewa inaleta miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hutoa miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Chupa 20 zikishaingia, hizo ni gramu 4 au 5, sawa na chuma chote cha mtu mzima mwenye afya au zaidi. Kinajikusanya kwenye ini, moyo na tezi, kimyakimya.

Ukimpeleka hospitali ya Maweni, uliza habari ya kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, tena akiwa hana homa, maana maambukizi hupandisha majibu. Yakizidi nanogramu 1,000 kwa mililita mara kwa mara, daktari atafikiria dawa ya kuondoa chuma. Asiyewahi kuongezewa damu anaweza kweli kupungukiwa chuma; naye apimwe kwanza. Foliki asidi mdogo wako aendelee nayo, ila iwe peke yake. Vile vyekundu vimechanganya foliki na chuma.

Chuma kinamzidi, huku zinki inampungukia, kwa kuwa nyingi inapotelea kwenye mkojo. Mtoto anadumaa, kidonda cha kifundo cha mguu hakifungi. Hapo dagaa wetu wa ziwani wana kazi, wana zinki na kalsiamu. Kuna watakaokwambia umnyime kwa sababu ya chuma. Wapuuze! Chupa moja ina chuma ambacho tumbo lingekichukua kwenye chakula kwa miezi mitatu au zaidi. Mpikie na mawese yake, ale. Vidonge vya zinki tu ndivyo usimnunulie kwa kukisia. Vikizidi, vinapunguza shaba mwilini.

Na lile daftari lake la kliniki, kila chupa iandikwe, tarehe na hospitali, hata akiongezewa Kasulu akiwa likizo. Daktari wa zamu hamjui, na hesabu ya chupa haimo usoni mwa mgonjwa.