Sinema, Televisheni na Haki ya Kuuliza

Watengenezaji wa filamu wana ubishi wa siku nyingi. Baadhi yao hunena kuwa sinema ndiyo sanaa hasa, kwa maana humtoa mtu kwake, ikamketisha gizani pamoja na asiowajua, wakacheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Wengine hujibu kuwa televisheni huwafuata watu majumbani, na kazi isiyowafikia wengi haina faida. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinapima chombo, zikamsahau mtazamaji.

Kukusanyika peke yake si heri. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, Waingereza walitengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, wakazipeleka kwa lori hadi vijijini. Umati ulikuwapo, lakini maneno yalitoka upande mmoja tu.

Wala uchache wa vyombo si hoja ya kudumu. Filamu ya Arusi ya Mariamu ilipotoka mwaka 1985, Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, ilhali Bara ilisubiri hadi 1994. Leo picha zimejaa kila mahali. Kinachoadimika ni mazungumzo.

Tutazame Katumba, karibu na Mpanda, makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Tuseme mjukuu wa mmoja wao ameketi benchini katika kibanda cha video. Chombo ni televisheni, kikao ni cha sinema. Anaona watu wakikimbia na mizigo kichwani. Arudipo nyumbani anauliza: "Babu, nanyi mlikimbia hivi?" Hapo picha imetimiza nusu ya kazi yake, nusu ya pili ni ya babu. Akinyamaza, au akimfukuza mtoto, picha ya mgeni itakuwa ndiyo historia pekee aijuayo kijana huyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusiulize ni kiwambo kipi kilicho kipana zaidi. Tuulize: baada ya taa kuwashwa, nani anazungumza na nani? Sinema isiyozusha swali ni giza la kukodi, na televisheni inayotazamwa na mzee pamoja na mtoto, wakiulizana, ni baraza. Mtengenezaji aache nafasi ya swali. Nasi wazazi na walimu tusikwepe kulijibu.