Kujua kwa Kipimo Dhaifu

Swichi ya mtandao iliyoandikwa gigabiti moja hudai kwamba kila tundu lake hupitisha biti bilioni 1 kwa sekunde, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Dai hilo huhakikiwa kwa mashine maalumu za kuzalisha na kuhesabu fremu (vifurushi vya data), ambazo bei yake huweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Hujaribiwa pia kwa kompyuta mbili za kawaida, kebo mbili na programu ya bure kama iperf3, iliyotengenezwa na ESnet, mtandao wa utafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani. Njia hii ya pili ndiyo walio nayo watu wengi, na ndiyo inayoibua swali la zamani la falsafa: je, kifaa ambacho ubora wake wenyewe haujathibitishwa kinaweza kuleta ujuzi wa kweli kuhusu kifaa kingine?

Shaka hiyo ina msingi. Raspberry Pi 3 Model B+, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2018, ina tundu la mtandao la gigabiti, lakini ndani tundu hilo limepitishwa kwenye USB 2.0, ambayo ukomo wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Watengenezaji wenyewe walitaja kasi isiyozidi megabiti 300. Anayeitumia kupimia swichi nzima isiyo na kasoro ataona 300 na kuilaumu swichi bure. Mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem alilieleza tatizo hili mwaka 1906, alipoonyesha kwamba dhana haijaribiwi peke yake. Jaribio likishindwa, kinachojulikana ni kwamba mahali fulani katika mkusanyiko mzima wa vifaa na nadharia kuna kosa, bila kujulikana ni wapi.

Hoja ya Duhem inahusu kushindwa. Kufaulu ni jambo jingine, na hapo ndipo jaribio la bei nafuu lina nguvu isiyothaminiwa inavyostahili. Data ikipita katika mnyororo wa kadi, kebo na swichi, kila kiungo kimeipitisha. Kiungo dhaifu hupunguza kasi, hakiwezi kuiongeza. Kasi iliyofika upande wa pili basi ni kiwango cha chini kabisa cha uwezo wa kila kiungo, hata kama kompyuta ni kuukuu. Kiwango cha juu nacho hupatikana kwa hesabu tu, bila gharama yoyote. Fremu kubwa ya kawaida, pamoja na baiti za utangulizi na mwanya wa lazima kati ya fremu na fremu, huchukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, na kati ya hizo data ya mtumiaji katika TCP ya Linux kwa kawaida ni baiti 1,448. Ukigawanya, inabaki megabiti 941 kwa sekunde. Iperf3 ikionyesha 941, kiwango cha chini kilichopimwa na cha juu kilichokokotolewa vimekutana. Kwa aina hiyo ya mzigo hakuna kilichobaki cha kushuku, na mashine ya bei ghali isingeongeza neno.

Nguvu hiyo ina sharti moja: data iwe imepita kweli. Mtu mwenye kompyuta moja ya Linux yenye kadi mbili huweza kuunganisha kila kadi na swichi, akatuma kutoka anwani ya kadi moja kwenda ya nyingine, akapata gigabiti nyingi kwa sekunde. Hesabu ya hapo juu inatosha kuonyesha kwamba waya haiwezi kubeba kiasi hicho. Kilichotokea ni kwamba mfumo umetambua anwani zote mbili ni zake, ukapitisha data ndani kwa ndani, na swichi haikuguswa. Dawa ni kuzitenganisha kadi katika maeneo tofauti ya mtandao ndani ya mfumo, ili njia pekee iliyobaki iwe ya kebo. Namba inaweza kutoka safi na thabiti kila mara, na bado isiwe habari ya kitu kinachochunguzwa, kwa kuwa kitu hicho hakikushiriki kuizalisha.

Namba ikiwa ndogo, Duhem anarudi. Njia ya kutoka ilikuwa imeonyeshwa na mtangulizi wake wa karne ya 19, mwanasayansi Victor Regnault, aliyepima joto bila kuwa na kipimajoto kamili cha kuhukumia vingine. Alivilinganisha vipimajoto vya aina moja vilivyotengenezwa tofauti, akaona vipi vinakubaliana. Kwenye mtandao, kompyuta mbili huunganishwa kwanza moja kwa moja kwa kebo, kasi ikaandikwa; kisha mwelekeo hugeuzwa, kebo hubadilishwa, na mwishoni swichi huwekwa katikati. Zikipatikana 941 bila swichi na 600 ikiwepo, huku kebo zimebadilishwa na hali haijabadilika, shaka imeegemea mahali pamoja. Duhem bado angeweza kupinga, lakini mzigo wa kueleza sasa uko kwake.

Kuna pia swali la kitu gani hasa kinapimwa. Hati ya kiufundi ya mtandao RFC 1242 ya mwaka 1991 ilifafanua uwezo wa kupitisha data kuwa kasi ya juu kabisa ambayo kifaa hakipotezi hata fremu moja, na RFC 2544 ya 1999 ikaagiza upimaji kwa fremu za ukubwa mbalimbali, kuanzia baiti 64 hadi 1,518. Jaribio la TCP halifuati ufafanuzi huo, kwani fremu iliyopotea hutumwa tena kimyakimya. Mwanafizikia Percy Bridgman alidai mwaka 1927 kwamba maana ya dhana ni utaratibu wa kuipima. Kwa msimamo huo, namba ya TCP na ile ya RFC ni za dhana mbili. Bridgman amezidisha, maana ingekuwa hivyo kusingekuwa na sababu ya kusema njia moja inapima vizuri zaidi kuliko nyingine, na ni wazi kwamba ndivyo ilivyo. Hata hivyo dai lake linafundisha nidhamu: 941 isitajwe bila kusema ilipatikanaje.

Tofauti ya njia hizo mbili huonekana zaidi kwenye fremu ndogo. Kwa baiti 64, gigabiti moja ni fremu 1,488,095 kila sekunde, na programu za kawaida kwenye kompyuta ya bei ndogo huchoka mapema. Pktgen, iliyomo ndani ya Linux bila malipo, husaidia, ingawa si kila kichakataji humudu. Swichi ya matundu 24 nayo inaweza kujaribiwa kwa kompyuta mbili kwa kuyagawa matundu katika VLAN (mitandao pepe ndani ya swichi) na kuyaunganisha kwa kebo fupi, data ipite tundu baada ya tundu. Jaribio hilo huthibitisha kwamba kila tundu linafanya kazi kwa kasi yake. Haligusi hali ya matundu mengi yanayotuma kwa mpigo kuelekea tundu moja, ambapo kumbukumbu ya swichi hujaa na fremu huanza kutupwa. Kwa hilo zinahitajika kompyuta zaidi.