Kabla Hujajaza Upepo

Kayaki ya kujaza upepo ina karibu sifa zote anazozitafuta msafiri wa gari-nyumba. Ikikunjwa inaingia kwenye begi moja, begi linasukumwa chini ya kitanda cha nyuma, na hakuna haja ya kufunga kitu juu ya paa la gari ambalo tayari limekaribia mita tatu. Ya watu wawili ina kilo 15 hivi, na kilo hizo ni jambo la maana, kwa sababu Uingereza waliopata leseni ya kawaida ya gari tangu 1997 wamewekewa ukomo wa kilo 3,500, gari pamoja na vyote vilivyomo. Dakika kumi za pampu, na familia iko majini. Chombo hiki nakipenda na nakitetea. Lakini wepesi huohuo humfikisha mtu mahali ambapo chombo kizito kisingemfikisha, na familia zetu za ughaibuni, ambazo nyingi sasa zinakodi au kununua magari haya, zinahitaji kuambiwa hivyo mapema.

Tumwite Fundi, maana kazi yake ni umeme. Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Birmingham, ana mke na binti wa miaka kumi na minne. Utotoni alikwenda baharini na mjomba wake kwa ngalawa. Kuogelea anakujua vizuri, na bahari haimtishi.

Kayaki yao waliizoea kwenye mifereji ya Birmingham. Walijiunga na chama cha wapiga kafi cha Paddle UK, kwa kuwa uanachama wake unampa mtu kibali cha mifereji na mito mingi ya nchi hiyo, na Jumapili baada ya Jumapili baba na binti wakajifunza kukaa, kugeuza, kupiga kafi kwa pamoja. Mfereji ni mwalimu mzuri wa mikono. Upepo haufundishi kabisa: majengo yanauzuia, na ukichoka ukingo uko karibu, kulia na kushoto.

Mapumziko ya mwanzo wa Mei wakaelekea magharibi, pwani ya Wales, kwenye ghuba kubwa ya Cardigan. Walifika usiku, wakaegesha, wakalala. Kulipokucha jua lilikuwa kali, mbingu haina wingu, na bahari mbele yao imetulia.

“Baba, imelala kama mfereji wetu,” akasema binti.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu utulivu ule ndio mtego wenyewe. Pwani ile inatazama magharibi. Siku nyingi upepo wa Uingereza hutoka kusini-magharibi, yaani baharini, ukiwa na mawingu na mvua. Siku za jua la masika mara nyingi mambo hugeuka: upepo mkavu hutoka mashariki, unavuka nchi nzima, unashuka kwenye vilima na kuelekea baharini. Anayesimama ufukweni yuko nyuma ya kilima, kwa hiyo hausikii sana. Maji ya karibu hayana mawimbi kwa kuwa upepo haujapata nafasi ya kuyainua. Mita mia mbili mbele kinga ya kilima inakwisha na upepo unayashika maji kwa nguvu zake zote, ila mtu wa nchi kavu anaona migongo tu ya mawimbi yanayokwenda zake, na migongo haionyeshi urefu wake.

Mvuvi wa Tanga anaujua upepo wa namna hii tangu akiwa mtoto. Alfajiri hutoka na upepo wa nchi kavu ukimsukuma, mchana upepo wa bahari unainuka na kumrudisha. Fundi aliona mwanzo wa jambo analolijua, akadhani na mwisho wake utakuwa uleule. Lakini upepo ule wa Mei haukuwa wa zamu. Ulitoka kwenye hali ya hewa iliyoifunika nchi nzima, na ungeweza kuvuma mchana kutwa bila kugeuka.

Mkewe alikuwa ameanika khanga kwenye kamba ya kivuli cha gari. Ilikuwa imenyooka, pindo zikielekea baharini.

“Baba watoto, huu upepo unakwenda wapi?”

“Unatusaidia, mama. Kafi chache tu tumefika.”

Akajaza kayaki juani mpaka sindano ya geji ikafika panapotakiwa, akaiburuta majini. Bahari ile mwezi Mei ina nyuzi joto 11 hivi. Hewa iliyojazwa kwenye joto, ikigusa maji ya baridi, husinyaa, na kayaki ya presha ndogo hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake kwa muda mfupi. Ndiyo maana wazoefu huiweka majini kwanza, wakasubiri, kisha wakaongeza upepo. Pampu ya Fundi ilirudi garini. Pezi la chini nalo lilibaki huko: lilikuwa limebanwa chini ya begi msimu mzima, limejipinda, na akaona si kitu. Maji ya moto kutoka kwenye birika yangelinyoosha. Simu iliachwa kwenye chaji. Jaketi okozi walizivaa wote wawili, wakazifunga barabara, na ni vizuri tukumbuke hivyo, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na habari ya kusimulia kwa namna hii.

Kutoka kulikuwa raha tupu. Binti alicheka kwa mwendo walioupata. Walipotaka kugeuka ndipo kayaki ilipoonyesha ilivyo: tumbo lake linagusa maji kidogo tu, mbavu zake nene zimesimama hewani, na upepo unazisukuma. Bila pezi, omo haikukaa. Kila walipoielekeza ufukweni ilizunguka ikatazama pembeni. Sakafu iliyolegea ilijikunja katikati kila walipovuta kafi, na nguvu ya mikono ikaishia kwenye kuikunja badala ya kuisogeza. Walipiga kafi kwa bidii yao yote, na gari lao likazidi kuwa dogo.

Fundi akafikiri kama mtu wa Tanga. Akateremka majini ili aisukume akiogelea.

Bahari ya kwao ni vuguvugu mwaka mzima. Ile ilimnyang’anya pumzi. Kifua kilijivuta chenyewe, akahema haraka haraka bila kuweza kujizuia, akameza maji ya chumvi, na mikono iliyokuwa imeshika kamba ikaachia. Mwili wa mwanadamu hufanya hivyo ukitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, uwe hodari ama usiwe. Shirika la uokoaji la RNLI huwafundisha watu jambo moja kwa dakika hizo za kwanza: usiogelee, lala chali, kichwa nyuma, masikio majini, uelee mpaka pumzi irudi. Binti alikuwa amefundishwa hivyo shuleni.

“Baba, lala! Usipige maji, lala!”

Akamshika kwa mkanda wa jaketi. Pumzi iliporudi akajivuta akapanda, na hapo kayaki ilimfaa sana, kwani ubavu wake ni laini na wa chini, na haikupinduka. Wakakaa. Hawakujaribu tena kuogelea. Katika yote aliyoyaamua Fundi asubuhi ile, kubaki na chombo ndilo lililowaokoa, maana boti huona kayaki ya rangi ya chungwa kwa mbali, na kichwa cha mwogeleaji hakionekani.

Ufukweni mama alikuwa ameshapiga 999 na kuomba walinzi wa pwani, Coastguard, kwa jina hilohilo, kwa sababu ni wao wanaoita boti ya uokoaji. Akaulizwa: uko ufukwe gani? Hakujua. Walifika usiku wakiongozwa na ramani ya simu ambayo iliwaambia kulia na kushoto tu. Akakimbia na simu mkononi mpaka kwenye kibao cha maegesho, akasoma jina la Kiwelshi herufi moja moja. Dakika hizo upepo haukuzisubiri.

Boti ilifika na watu wa kujitolea, kama walivyo mabaharia wengi wa RNLI, shirika lililoanzishwa 1824 na linaloendeshwa zaidi kwa michango ya wananchi. Baba na binti walipandishwa wakitetemeka, kayaki ikafungwa nyuma.

Wapo watakaosema kosa ni la kayaki, wainunue ya plastiki ngumu. Sikubaliani nao. Ngumu nayo husukumwa, japo polepole. Kwa maoni yangu shida kubwa iko kwenye namna ya safari. Mwenye gari-nyumba ni mgeni wa maji mapya karibu kila siku. Mvuvi ana ufuo mmoja na maisha mazima ya kuusoma. Msafiri ana nusu saa kabla ya chai. Fukwe zenye walinzi huinua mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, ishara kwamba upepo unatoka nchi kavu na vyombo vya kujaza upepo visiingie, lakini mwanzoni mwa Mei fukwe nyingi hazina walinzi bado. Nusu saa ile basi ni ya kumtafuta mwenyeji, muuza chambo au mwenye kambi, na kumuuliza upepo wa leo unakwenda wapi na jioni utakuwaje. Kuuliza si ujinga.

Na kuna kipimo kisichohitaji mwenyeji. Simama utazame maji. Ukiusikia upepo mgongoni, au ukiona khanga inaelekea baharini, begi lisifunguliwe.

Familia ile haikuiuza kayaki. Jina la mahali huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye dashibodi kabla pampu haijatoka, na simu huenda majini ndani ya mfuko usiopitisha maji, imefungwa kwenye jaketi. Pezi lina sanduku lake. Julai walirudi kwenye ghuba ileile, upepo ukitoka baharini, wakapiga kafi sambamba na ufuo kwenye maji ya kiunoni, wakianza kwa kwenda kinyume na upepo ili urudi nao. Kesho yake walitaka kwenda ziwa la Tegid, Bala. Kayaki ilikuwa bado mbichi, na kayaki isiyokauka hubeba mimea na viumbe vigeni kutoka maji hadi maji, kwa hiyo wakaioshea kambini, wakaianika, wakakaa siku mbili zaidi.