Wasifu wa Nahodha Asiyezaliwa

Mwaka 1970 C. Northcote Parkinson alichapisha wasifu wa Horatio Hornblower, mwanamaji wa Uingereza aliyepanda vyeo hadi uadmirali. Humo mna nasaba ya ukoo wake, na hata barua ya siri aliyoacha. Hornblower hakuwahi kuishi. Alibuniwa na C. S. Forester katika riwaya zilizoanza kutoka 1937. Je, Parkinson ameshuhudia uongo, jambo ambalo Amri Kumi zinalikataza? Sidhani. Nabii Nathani alimsimulia Mfalme Daudi habari za maskini mwenye kondoo mmoja. Maskini huyo hakuwapo, lakini Daudi alijihukumu kwa kinywa chake, na hakuna amwitaye Nathani mwongo. Wanazuoni wa hadithi za Mtume, kwa upande wao, walichunguza maisha ya kila mpokezi, kwa kuwa mpokezi wa kubuni akipenya, halali na haramu huchanganyika. Kwa hiyo cha kupimwa ni mzigo ambao watu wanautwika wasifu huo. Juu ya Hornblower hakuna hukumu iliyosimama, wala urithi uliogawanywa.

Deni la wasifu wa kubuni liko kwingine. Forester huyohuyo aliandika The African Queen mwaka 1935, na sehemu ya filamu yake ya 1951 ilipigwa hapa Uganda, Butiaba na kwenye maporomoko ya Murchison. Katika filamu, fundi mlevi na dada wa mmishenari wanaizamisha manowari ya Wajerumani. Katika historia, meli ya Wajerumani Graf von Götzen ilifikishwa Kigoma ikiwa vipande ndani ya maelfu ya makasha, na mwaka 1915 boti mbili za Waingereza za kupambana nao, Mimi na Toutou, zilivutwa katika vichaka na milima ya Katanga kwa matrekta ya mvuke, maksai na jasho la vibarua Waafrika. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaja kuibuliwa na kuitwa Liemba. Vibarua wale hawana wasifu.

Utaambiwa kumbukumbu zao hazipo. Na za Hornblower zilikuwapo? Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuwabunia marehemu maisha ni kuwasingizia, nao hawawezi kujitetea. Nakubali, iwapo msomaji atafichwa. Asipofichwa, kazi hiyo ni halali, na Jennifer Nansubuga Makumbi ameionyesha njia: riwaya yake Kintu, ya mwaka 2014, inampa gavana wa kubuni wa Buganda ya karne ya 18 ndoa zake, hofu zake na kosa lake, bila kudai kuwa ni hati ya serikali. Waandishi wa Kampala wanaotafuta shujaa wa majini waanzie kwa watu walioivuta Mimi.