Mkono Ushikao Sindano

Mshipa wa mtu ni mlango wa ndani kabisa wa nyumba yake. Chakula hupita kinywani, na ulimi huweza kukikataa. Tumbo nalo huweza kukitapika. Maji yatiwayo mshipani hayana bawabu. Yakiwa safi hufika moyoni upesi. Yakiwa machafu hufika upesi vile vile. Basi ni nani mwenye haki ya kuufungua mlango huo, na je, mgonjwa ana haki ya kumwuliza?

Tulipeleke swali hili Kiriaini, kati ya mashamba ya majani chai, katika njia iendayo Othaya na Nyeri. Mtu aliyeishiwa na nguvu kwa kuharisha hawezi kupanda na kushuka milima ile akichagua tabibu. Hupelekwa penye mlango ulio karibu, hulazwa, hutundikiwa chupa ya maji, hufumba macho. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walisema kweli juu ya uji. Juu ya sindano hawakusema neno.

Wako wadhanio kuwa kumwuliza mganga ni utovu wa adabu. Husema kwamba aliyekuja kukuokoa hadaiwi hati. Hoja hii ina uzuri wake, maana shukrani ni wema. Lakini nia njema peke yake haiponyi. Mwaka 1832, wakati wa kipindupindu huko Leith, Uskoti, daktari Thomas Latta alimtia bibi mmoja mzee maji ya chumvi mshipani. Uso uliokwisha kufifia ukarudiwa na uhai. Daktari akaenda zake, akamwacha mgonjwa kwa mwingine. Ugonjwa ukarudi, maji hayakurudiwa, na baada ya saa chache bibi yule akafa. Dawa ilikuwapo, mwangalizi aliyejua la kufanya hakuwapo.

Ushahidi mwingine ni wa kwetu. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania juu ya watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Katika saa 48, waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa karibu 11 katika kila 100. Wasiomiminiwa hivyo walikufa 7. Waganga wenyewe walistaajabu. Kumbe maji yaokoayo huweza kuua, na kinachotenga mambo hayo mawili ni maarifa.

Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya haikuliacha jambo hili kwa nia njema. Madaktari, matabibu na wauguzi wana mabaraza yanayowaandikisha, na nyumba ya tiba hutakiwa kuwa na kibali. Mwaka 2015 nchi ilishtuka kusikia kwamba mtu aliyejiita daktari huko Githurai, Nairobi, hakuwa ameandikishwa. Koti jeupe hushonwa na fundi yeyote, ujuzi haushonwi.

Lakini mgonjwa mahututi atauliza nini? Hawezi. Hapa ndipo wajibu unapohama kitandani ukamwangukia mzima. Kijana, wewe uliyefundishwa kusoma, soma kibali ukutani kabla bibi yako hajaugua. Tazama jina, tazama na mwaka. Siku ya haja ikifika, uliza kwa upole: Je, maji haya ni ya lazima? Maana awezaye kunywa, mara nyingi maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo humtosha. Ni nani atakayetia sindano, na imefunguliwa sasa hivi? Tarehe ya chupa haijapita? Ni nani atakayekaa karibu, mwili ukikataa?

Mganga wa kweli hachukii maswali hayo, kwa kuwa aliulizwa mengi kabla ya kupewa cheti chake. Akikasirika, una sababu ya kuuliza tena. Na akijibu vema, mpe imani yako yote, wala usimsumbue kazini. Maana shaka isiyo na mwisho nayo ni dhuluma.

Kuuliza si ujinga, wala si dharau. Uhai ni amana. Apokeaye amana huulizwa, na mwaminifu hapungukiwi na heshima kwa kuulizwa.